Uhai wa gari na siri ya oili: Dereva wa mkataba ndiye anayeumia

Kwa miaka mingi mjadala kuhusu magari yaliyotumika yanayoingizwa Afrika Mashariki umekuwa ukizunguka jambo moja, nalo ni umri. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa magari yaliyozidi miaka 8. Uganda ilibadili sheria yake mwaka 2018 na kuyapiga marufuku yaliyofikisha miaka 15. Tanzania kwa upande wake imechagua kuyaacha yaingie, lakini yatozwe ushuru wa ziada kutokana na uchakavu. Hoja ya umri ina uzito wake, hasa katika masuala ya moshi na usalama barabarani. Hata hivyo, uhai wa injini hauamuliwi na mwaka ilipotengenezwa peke yake. Huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kopo la oili la lita 4, na zaidi ya hapo, na mtu anayepaswa kulinunua.

Ukweli huo unadhihirika vyema katika teksi za mtandao za Dar es Salaam, ambazo nyingi ni Toyota IST, Passo na Vitz zilizowahi kutembea Japani. Madereva wengi si wamiliki wa magari wanayoendesha. Wapo wanaopeleka hesabu kwa tajiri kila wiki, na wapo wa mkataba, ambao hupeleka fedha kwa kipindi kilichokubaliwa na mwishowe gari huwa lao. Mipango hiyo miwili inafanana kwa juu, lakini mbele ya injini ni vitu viwili tofauti kabisa.

Dereva wa hesabu hana sababu kubwa ya kujali injini itakuwaje baada ya miaka mitatu, kwa kuwa huenda wakati huo atakuwa kwenye gari jingine. Akimwaga oili kwa kuchelewa, fedha aliyookoa inaonekana leo, na hasara itampata tajiri. Dereva wa mkataba naye huhudumia gari kwa fedha zake, na ndiye atakayelirithi. Kwa hesabu ya kawaida angetarajiwa kuwa mwangalifu kuliko wote, na wapo walio hivyo. Tatizo ni kwamba katika miezi ya mwanzo, ambapo rejesho la wiki ni zito na gari bado si lake, siku ya kumwaga oili ndiyo rahisi kusogezwa mbele, maana injini hailalamiki siku hiyo wala wiki inayofuata.

Oili hailainishi vyuma tu. Hupoza sehemu za injini ambazo maji hayazifikii, hubeba masizi, na huzimua asidi zinazotokana na kuungua kwa petroli. Viambato vinavyofanya kazi hiyo huisha, hata kama stiki inaonyesha kwamba oili bado imejaa. Vikiisha, oili huanza kuwa tope, vijia vyake huziba, ringi za pistoni hunata na gari huanza kula oili. Katika injini za IST jambo hili ni zito zaidi, kwani hazitumii mkanda bali cheni, na kikaza cheni pamoja na mfumo wa VVT-i hufanya kazi kwa presha ya oili hiyo hiyo. Mlio wa cheni asubuhi gari linapowashwa kwa kawaida si ugonjwa wa siku moja.

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo mafundi wengi na wenye magari wengi wanalirudia. Karatasi inayobandikwa baada ya sevisi huandikwa kilomita tu, kwa kawaida 5,000 zaidi ya zilizosomwa siku hiyo. Lakini injini haifanyi kazi kwa kilomita, inafanya kazi kwa saa. Gari linalokwenda Dodoma, mwendo wa takriban kilomita 450, likitumia saa 7 njiani, litamaliza kilomita 5,000 injini ikiwa imenguruma kwa saa zipatazo 78. Teksi inayotambaa kwenye foleni ya mjini kwa wastani wa kilomita 15 kwa saa itafikisha kilomita hizo hizo baada ya saa 333, sehemu kubwa ikiwa imesimama, kiyoyozi kikivuma na joto la pwani likiwa palepale. Kwa lugha nyingine, oili iliyopaswa kubadilishwa mara nne imebadilishwa mara moja.

Hili si jambo lililobuniwa na mafundi wa Gerezani. Vitabu vya matumizi ya magari ya Toyota vyenyewe hutenga sehemu ya mazingira magumu, vikiagiza sevisi ya mapema kwa magari yanayotembea kwenye vumbi, yanayosimama muda mrefu injini ikiwaka, au yanayokwenda polepole kwa safari ndefu, na mfano unaotajwa ni teksi. Vitabu vingi vya magari yaliyotoka Japani, bahati mbaya, vimeandikwa Kijapani, na mara nyingi hubaki vimefungwa kwenye droo ya mbele hadi gari linapouzwa tena.

Wapo wanaoamini kuwa jina la Toyota linatosha. Mwaka 2002 kampuni hiyo iliwatangazia wenye magari yapatayo milioni 3.3 nchini Marekani, ya matoleo ya 1997 hadi 2002, kwamba ingegharimia matengenezo ya injini zilizoharibiwa na tope la oili. Awali kampuni ilisema wenye magari hawakubadilisha oili kwa wakati, nao walijibu kuwa walibadilisha. Lolote lililo kweli, injini za kampuni inayosifika kwa uimara zilikufa kwa ugonjwa wa oili.

Kisha lipo suala la kilichomo ndani ya kopo. Alama ya API ikisomeka SF, oili hiyo ilikusudiwa injini zilizotengenezwa hadi mwaka 1988, wakati IST ya kwanza ilitoka mwaka 2002. Daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, linafaa pia kwa injini za nyuma yake. Bei hutofautiana, na hapo ndipo dereva anaposhawishika. Kuhusu oili chafu inayochujwa na kurudishwa kwenye makopo yenye nembo za watu, dereva hana maabara. Kazi hiyo ni ya TBS na EWURA.

Kilichobaki mikononi mwa tajiri na dereva ni karatasi ya mkataba. Mikataba mingi hutaja rejesho, faini ya kuchelewesha na nani atalipa bima, lakini kuhusu oili huishia kwenye maneno "matengenezo madogo ni ya dereva". Kingeweza kuandikwa kipindi cha miezi pamoja na kilomita, kimojawapo kikitangulia, aina ya oili, na risiti kutunzwa na pande zote mbili. Tajiri akichangia makopo ya mwaka wa kwanza, gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na injini ya kubadilisha.

Bila risiti hizo, siku ya kukabidhiana gari stiki haisaidii, kwa sababu oili iliyomwagwa asubuhi hiyo ina rangi ya asali hata kama ya nyuma yake ilikaa mwaka mzima. Mafundi wazoefu hufungua kifuniko cha kujazia oili na kumulika ndani kwa tochi. Tope huwa limeganda pale, na halitoki kwa sevisi moja.