Vitabu Nilivyovimaliza na Vile Nilivyoviacha



Juma hili nataka tuzungumze habari za vitabu. Huku Kasumulu watu husoma kuliko wengi wanavyodhani. Mpakani ni mahali pa kungoja: dereva angoja karatasi za mzigo wake, mama mwenye mchele angoja mnunuzi, kijana wa pikipiki angoja abiria. Angojaye akiwa na kitabu mkononi hakupoteza siku yake. Lakini vitabu vyenyewe ni vichache, vyapita mikono mingi, na mara nyingi vyafika kwako bila jalada. Kwa hiyo anayepokea kitabu ana haki ya kuambiwa kweli na yule aliyekisoma kabla yake.

Walakini desturi yetu ni kusema "kizuri" juu ya kila kitabu kilichopigwa chapa, kana kwamba kusema vingine ni kumvunjia heshima mwalimu. Mchele wa Kyela wasifiwa nchi nzima, hata hivyo hakuna mama aupikaye bila kuupepeta na kuchagua mawe. Basi na tupepete. Nitakuambieni vitabu nilivyovimaliza, na vile nilivyoviacha njiani, na sababu zake. Haya ni maoni yangu mimi msomaji, wala si amri ya Kanisa.

NILIVYOVIMALIZA

Cha kwanza ni "Mzimu wa Watu wa Kale" cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichotolewa mwaka 1960. Mtu aonekana amekufa mahali pa mzimu, na watu wako tayari kusema kwamba mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa, mzee mwenye kiko, hayuko tayari. Yeye auliza maswali ya kawaida: nani alikuwa wapi, nani alikosana na nani, nani apata faida? Nalikimaliza kwa siku mbili. Ila yake ni kwamba Bwana Msa huficha mambo mengine mpaka mwisho, na msomaji hapewi nafasi ya kushindana naye. Hata hivyo ningependa kisomwe katika kila kijiji chetu. Kwetu mtu akifa ghafula, hata kabla matanga hayajaisha, bibi kizee fulani amekwisha kutajwa jina. Kitabu hiki chafundisha kuuliza kabla ya kunyosha kidole.

Cha pili ni "Kusadikika" cha Shaaban Robert, cha mwaka 1951. Karama ashitakiwa kwa kuwa ataka watu wafundishwe sheria, naye ajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali, wakarudi na maarifa, wakatiwa gerezani. Lugha yake ni tamu sana. Lakini nasema wazi: safari zile sita zafanana mno, na nilipofika ya nne nalikuwa nasoma kwa kujilazimisha. Anayekisoma asikimeze chote mara moja, asome safari moja kila jioni.

Cha tatu ndicho nilichokaa nacho muda mrefu kuliko vyote: habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, pamoja na watoto wao Ntulanalwo na Bulihwali. Mwandishi, Aniceti Kitereza, alikuwa Mkatoliki wa Ukerewe, aliyesoma misioni na katika seminari ya Rubya. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945, asipate wa kukichapa. Uzeeni akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka 1981 akafariki dunia. Miaka thelathini na mitano alikaa na kitabu chake bila kukata tamaa!

Je, chachosha? Naam, mahali pengine chachosha. Mtu akienda shambani, mwandishi atakueleza shamba zima. Akiugua, atakueleza dawa zote. Mwenye haraka atakitupa kabla ya kufika robo. Nami nalikimaliza kwa sababu moja tu: nalitaka kujua kama Bugonoka atapata mtoto. Myombekere na mkewe hawana mtoto, na ndugu wa mume hawaachi kumsimanga yule mama, hata wazazi wake wakamchukua kumrudisha kwao. Mume hakusema, "Na aende, nitaoa mwingine." Alifunga safari kwenda ukweni, akanyenyekea, akakubali kutengeneza pombe ya ndizi aliyotozwa, ili mkewe arudi. Na mwandishi aliyajua maumivu hayo. Yeye na mkewe Anna Katura hawakubaki na mtoto hata mmoja.

Enyi waume wa Kyela, hapo ndipo pa kusoma mara mbili. Ni mama wangapi kwetu wamefungishwa virago kwa sababu hawakuzaa? Kanisa lafundisha kwamba ndoa isiyojaliwa watoto ni ndoa kamili. Kitereza hahubiri jambo hilo. Amwonyesha tu mwanamume akitembea njiani kumfuata mkewe, na yatosha.

Cha nne ni "Peponi" cha Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2021. Alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994, na Ida Hadjivayanis akakifasiri kwa Kiswahili mwaka 2022. Mtoto Yusufu achukuliwa na tajiri Aziz, ambaye amdhania kuwa ndugu wa ukoo, kumbe ametolewa kwa ajili ya deni la baba yake. Hakuna aliyemwambia kweli nyumbani. Kisha afuata msafara wa biashara mpaka bara. Misafara ya namna hiyo ilifika hata kwa jirani zetu ng'ambo ya mto Songwe; huko Karonga mfanya biashara ya watumwa Mlozi alinyongwa mwaka 1895. Kitabu ni kizuri, ila mwisho wake wakatika ghafula, nawe wabaki na swali mkononi.

Lakini swali hilo latufaa. Mpaka leo watoto wetu, wasichana hasa, huchukuliwa kwenda mjini "kukaa na shangazi" wasiye na ujamaa naye, wakaoshe vyombo na kulea watoto wa watu. Mzazi apokea fedha kidogo, na mtoto ahadiwa shule. Msomaji, ukimsoma Yusufu, utamwuliza mgeni yule maswali mengi kabla ya kumkabidhi binti yako.

NILIVYOVIACHA

Nimeacha "Mashimo ya Mfalme Sulemani". Mtungaji ni Rider Haggard, Mwingereza, na tafsiri ni ya Frederick Johnson ya mwaka 1929. Wazee wetu wengi walikisoma shuleni wakakipenda, kwa kuwa kina mbio, hatari na almasi. Sikukiacha kwa sababu ya Kiswahili chake, ambacho ni safi. Nalikiacha pale mtumishi kijana, Khiva, anapokufa akimwokoa bwana wake na tembo. Wazungu wale wamsikitikia kidogo, wamzika, kisha kazi kubwa ikawa kukata pembe na kuzificha ili wazichukue wakirudi. Nikajiuliza: kijana huyu hana mama? Hakuna atakayekwenda kumpa habari? Kitabu hakikujali, nami sikutaka kuendelea na safari ya watu wanaohesabu pembe kwa uangalifu kuliko wanavyohesabu wenzao. Anayetaka mbio na almasi atakifurahia, mimi zimenitosha.

Nimeacha pia "Nagona" cha Euphrase Kezilahabi, cha mwaka 1990. Ni kitabu chembamba, nacho kimenishinda mara mbili. Mtu atembea mahali pasipojulikana, aonana na watu wasioeleweka, na maneno ni mafumbo juu ya mafumbo. Wasomi wakisifu, nami sina sababu ya kuwabishia. Lakini sitajifanya nimeelewa. Kitabu kisichofunguka leo, kiwekwe mahali pake bila matusi. Labda kitafunguka mwaka mwingine, au kitafunguka kwa mtoto wako.

KITABU CHINI YA GODORO

Mwandishi huyu huyu ndiye aliyeandika "Rosa Mistika" mwaka 1971. Mama mmoja wa huku kwetu alikikuta chini ya godoro la binti yake, naye akaniuliza kama akichome moto. Alikuwa amesikia kwamba zamani kilikatazwa mashuleni, na hilo ni kweli. Nalikuwa nimekwisha kukisoma mpaka mwisho, nikamjibu hivi.

Kitabu hiki kina mambo mazito: uzinzi, kutoa mimba, na mwisho binti kujiua. Si cha mtoto mdogo, na anayempa mtoto wa darasa la tano afanya vibaya. Lakini mwandishi, aliyesomeshwa seminarini, hakuyasifu mambo hayo. Alitaka kuonyesha yalipoanzia. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi mwenye mkono mzito. Barua moja kutoka kwa mvulana yamfanya ampige binti yake vibaya. Hakumfundisha neno lolote, alimtisha tu. Rosa alipofika chuoni, mbali na fimbo ya baba, hakuwa na kitu kingine cha kumlinda. Na mchumba wake alipomkataa kwa sababu ya mambo aliyoyafanya, hakuona njia ya kurudi.

Kwa mila zetu za Kinyakyusa baba hazungumzi na binti yake mambo ya mwili, na heshima hiyo ina maana yake. Lakini zamani palikuwa na bibi na shangazi wa kusema naye. Siku hizi bibi yuko kijijini, shangazi yuko Mbeya, na binti yuko bwenini peke yake. Tusipoziba pengo hilo sisi, watakaoliziba ni wengine.

Na hapa ndipo nisiporidhika na kitabu. Katika Injili ya Luka mwana mpotevu ana baba anayemkimbilia njiani. Rosa hakuwa na wa kumkimbilia. Mwandishi atuonyesha shimo sawasawa, lakini ngazi hakuiweka. Basi ngazi na iwekwe na mzazi. Nalimwambia mama yule akirudishe kitabu mahali alipokitoa, asubiri binti akimalize, kisha wakae jikoni wawili, amwulize: "Mwanangu, wewe ungekuwa Rosa, ungemwendea nani?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko kitabu chenyewe.

NENO LA MWISHO

Kiko kimoja ambacho sijakimaliza wala sijakiacha: Injili alizozitia katika utenzi Mtumishi wa Mungu Julius Nyerere, zilizochapwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996. Hicho si cha kukimbilia. Husomwa kwa sauti Jumapili jioni, beti chache, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Hata asiyejua kusoma apata fungu lake.

Basi, wasomaji, msione haya kuacha kitabu, ila muwe na sababu. Na msikilaani kitabu ambacho hamjakifungua. Ukimpa mwenzio kitabu, mwambie kweli: hapa patamu, hapa pachosha, hapa mtoto asifike bado. Mungu awabariki nyumbani mwenu.

Ni mimi,
Msomaji wa Kasumulu