Sadaka Ifike Kabla Mifugo Haijafa



Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022, Wajir, Mandera, Garissa na Marsabit zilikosa mvua za kutosha misimu mitano mfululizo. Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2. Sisi huchanga unga na dawa baada ya kuona picha za mizoga. Ni kheri, lakini tumechelewa. Mtoto wa mfugaji hulelewa kwa maziwa. Mbuzi wakifa, utapiamlo huingia nyumbani na maradhi hufuata. Na unga bila maji utapikwaje? Zaka ina masharti yake, tuwaachie masheikh. Mimi nasemea sadaka. Madrasa ianze kuchanga msimu wa kwanza mvua ikikosekana, tuwapelekee maji, nyasi kavu na dawa za mifugo wangali na mbuzi wa kukamua.