Treni Zetu Zitenge Nafasi ya Baiskeli

Nchi yetu imo katika kazi kubwa ya kujenga reli. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni za umeme zinabeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa, na ujenzi unaendelea kuelekea Tabora, Isaka, Mwanza na Kigoma. Tuna kila haki ya kujivunia. Lakini tukumbuke kwamba treni humfikisha mtu stesheni, haimfikishi nyumbani kwake. Kipande kile kinachobaki, cha kutoka stesheni hadi shambani, kazini au mlangoni, ndicho kinachomla abiria muda na nauli. Chombo cha kukimaliza kipande hicho wananchi wengi wanacho tayari, nacho ni baiskeli. Kinachotakiwa ni treni kukifungulia mlango.

Hebu tupige hesabu. Mtu anayetembea kwa miguu kwa robo saa hupata kilomita 1 na kidogo. Mwenye baiskeli, kwa robo saa ileile na bila kujichosha, hupata zaidi ya kilomita 3. Basi ukichora duara kuizunguka stesheni, duara la mwenye baiskeli lina upana mara 3 ya lile la mwenda kwa miguu, na eneo lililomo ndani yake ni kubwa mara 9. Maana yake stesheni ileile, bila kuongezwa hata tofali moja, inaweza kuhudumia vijiji na mitaa mingi ambayo leo inaiona treni ikipita tu. Ni mradi gani mwingine wa reli unaoleta faida ya namna hiyo kwa gharama ndogo kiasi hicho?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni geni. Si geni. Tangu reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, watu wa bara wamekuwa wakisafiri na mali zao, na baiskeli ikawa miongoni mwa mali hizo. Ilipimwa kwenye mizani, ikafungwa kikaratasi chenye namba kwenye usukani, ikaingizwa katika behewa la mizigo. Utaratibu huo unamfaa anayehama au anayepeleka baiskeli kwa ndugu yake. Haumfai anayeitaka baiskeli yake kila siku, ambaye akishuka anataka aipande papo hapo aende zake. Kwa huyo baiskeli ni sehemu ya safari yenyewe, wala haipaswi kuhesabiwa pamoja na magunia.

Mtazameni mchuuzi wa samaki wa pale Feri, Dar es Salaam. Alfajiri amekwisha kununua. Tenga limefungwa nyuma ya baiskeli kwa vipande vya mpira wa tairi, limekazwa mpaka halitikisiki, na juu yake pametandikwa gunia bichi ili jua lisiwawahi samaki. Kisha anashika Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, zaidi ya kilomita 15, akibanwa na malori yanayotoka bandarini. Reli imelala upande uleule anaokwenda. Treni ya mjini iliyoanza Oktoba 2012, ambayo wananchi waliipa jina la Mwakyembe, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi wakati huo, hupita huko hadi Pugu. Na stesheni haiko mbali na Feri. Tena mchuuzi huyu anakwenda kinyume cha umati: asubuhi watu wanaingia mjini kwa wingi, yeye anatoka. Treni inayorudi kuwachukua watu wa Pugu ingeweza kumchukua yeye na tenga lake bila kumbana mtu. Angefika mapema, samaki wakiwa wabichi na yeye mwenyewe akiwa salama. Mama wa Gongo la Mboto naye angepata kitoweo chema kwa bei nafuu.

Wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha kulifikiria jambo hili, na kila mmoja amepata njia inayolingana na hali yake. Mjini Copenhagen, Denmark, treni za mjini ziliruhusu baiskeli bila malipo kuanzia mwaka 2010. Uholanzi hukataa baiskeli saa za msongamano, huziruhusu saa nyingine kwa tiketi yake, na baiskeli ya kukunja huingia bure. Japani husema: ifungue magurudumu, itie ndani ya mfuko wake, kisha panda nayo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 2021 ambayo kanuni yake ni kwamba anayeagiza mabehewa mapya au kuyafanyia ukarabati mkubwa atenge nafasi za baiskeli zisizopungua 4 katika kila treni. Nafasi 4 tu! Hakuna anayeomba treni nzima. Kinachoombwa ni kona moja yenye viti vya kukunja na mikanda ya kufungia.

Sasa tuzijibu hoja za wanaopinga, kwa maana zina uzito na si haki kuzipuuza. Hoja ya kwanza ni msongamano. Ni kweli, treni ya saa 12 asubuhi inayoingia mjini imejaa hadi mlangoni, na baiskeli humo ni adha. Basi isiruhusiwe katika treni hiyo! Iruhusiwe katika zile za mchana, zile za usiku, na zile zinazokwenda kinyume cha umati, kama nilivyoonyesha. Hoja ya pili ni uchafu: mnyororo wenye grisi hugusa kanga ya mtu, na maji ya samaki hutiririka chini ya viti. Hiyo ndiyo sababu ya kutenga mahali maalumu, penye sakafu inayooshwa, mwisho wa treni, badala ya kuacha kila mtu ajipenyeze anapoweza. Hoja ya tatu ni gharama. Kumpasulia mtu nafasi katika behewa lililokwisha kutengenezwa ni ghali, lakini kuiandika katika oda ya mabehewa ambayo hayajatengenezwa ni rahisi. Wahenga wametuambia: samaki mkunje angali mbichi. Reli ya kwenda Mwanza na Kigoma bado inajengwa. Wakati wa kulisema hili ni sasa, si baada ya utepe kukatwa.

Wala tusidhani kazi itakwisha ndani ya behewa. Stesheni yenye ngazi ndefu humshinda mwenye baiskeli kabla hajaiona treni. Pawekwe njia ya mteremko, na pale pasipowezekana, pawekwe mfereji mwembamba kando ya ngazi wa kupitishia magurudumu. Mteremko huo utamfaa pia mwenye kiti cha magurudumu, mzee mwenye mkongojo na mama mwenye mizigo. Halafu patengwe banda la kuegesha, lenye paa, taa na mlinzi, maana wengi wanahitaji baiskeli upande mmoja tu wa safari. Waholanzi, pamoja na treni zao zote, wametambua kwamba baiskeli zote haziwezi kupanda. Pale Utrecht wamejenga maegesho ya baiskeli 12,500 chini ya stesheni. Sisi tuanze na 50 penye ulinzi wa kweli, kwa malipo madogo, na kijana mwenye pampu na viraka apewe kibanda hapohapo ajipatie riziki.

Jirani zetu wa Kenya nao wanalihitaji jambo hili. Treni yao ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, inaanzia Miritini na kuishia Syokimau, nje kabisa ya katikati ya miji hiyo miwili. Penye umbali wa namna hiyo kati ya stesheni na mji, baiskeli ina kazi.

Nanyi ndugu zangu wapanda baiskeli, haki huja na wajibu wake. Futa tope kabla hujapanda. Waache wenye watoto na wazee watangulie. Funga baiskeli yako isije ikamwangukia mtu treni ikifunga breki, na usiiegemeze mlangoni. Tenga la samaki liwe na chombo cha kukingia maji chini yake. Lipa unachotakiwa kulipa. Mmoja wenu akikosa adabu, wataadhibiwa wote.

Kuna dhana moja nayo ni ya kung'olewa: kwamba baiskeli ni alama ya unyonge, na kwamba treni ya kisasa haistahili kuchanganywa nayo. Dhana hiyo inatudhuru. Mkulima wa Tabora anayepeleka asali sokoni kwa baiskeli, muuguzi wa Shinyanga anayewahi zahanati kwa baiskeli, na mwanafunzi anayekwenda shule kwa baiskeli ni walipa kodi walioijenga reli hii kama wengine. Umoja wa Mataifa wenyewe uliitengea baiskeli siku yake, Juni 3 ya kila mwaka, kuanzia 2018. Usasa wa treni upimwe kwa idadi ya watu inaowafaa.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa Shirika la Reli: andikeni nafasi za baiskeli katika kila oda ya mabehewa kuanzia sasa, na jaribuni kwanza kwenye treni ya Pugu, saa zisizo na umati. Wabunge, ulizeni jambo hili bungeni bajeti ya uchukuzi inapojadiliwa. Madiwani, tengenezeni njia salama za baiskeli za kuingia stesheni zilizomo katika kata zenu. Nasi abiria tulidai kwa barua, kwa mikutano ya mitaa na kwa ustaarabu, wala tusichoke mpaka tupewe.