Tuhesabu Matone ya Pampu Yetu

Leo tuzungumze juu ya tone la maji. Si tone la mvua. Ni tone linalodondoka kwenye pampu ya kijiji, pale ambapo chuma kinachozunguka kinaingia ndani ya pampu. Watu wengi wakiliona tone hilo husema, "Pampu imeharibika." Wengine husema, "Mwendesha pampu ni mvivu."

Mimi nasema sivyo. Tone hilo likiwa dogo, ni afya ya pampu. Likizidi, ni hasara. Likikauka kabisa, ni hatari. Kwa hiyo kazi yetu si kuliziba tone. Kazi yetu ni kulihesabu.

Nitaeleza kwa nini nasema hivyo.

MKUTANO NILIOUHUDHURIA

Sisi wa Makumira tunakaa chini ya Mlima Meru. Maji mengi ya huku hushuka yenyewe kutoka kwenye chemchemi na mito. Babu zetu walichimba mifereji, na maji yakaifuata. Lakini maji hayapandi kilima yenyewe. Nyumba zikiwa juu kuliko chanzo, lazima maji yasukumwe. Hapo ndipo pampu inapohitajika.

Miaka michache iliyopita nilikuwa katika mkutano wa kijiji kimoja. Sitakitaja jina. Pampu yao iliendeshwa na mashine ya dizeli. Wajumbe walikwenda kuitazama, wakaona maji yanadondoka chini yake. Wakamgombeza mwendesha pampu mbele ya watu. "Maji yetu yanamwagika, na wewe unatazama tu!"

Kijana yule aliona haya. Alijua kwamba pampu hudondosha, lakini hakujua namna ya kuwaeleza wazee. Kitabu cha pampu kilikuwepo, lakini kilikuwa kimefungiwa kabatini. Tena kiliandikwa kwa Kiingereza. Kesho yake akachukua spana, akakaza nati mpaka pakawa pakavu kabisa. Wajumbe wakamsifu. Nami nilikuwepo, nikapiga makofi pamoja nao.

Wiki haikuisha. Pampu ilianza kutoa harufu ya kuungua. Kisha ikatoa moshi. Walipoifungua walikuta chuma kimelika, kina mikwaruzo mzunguko mzima. Tangu hapo maji hayakudondoka tena, bali yalichuruzika. Kila walipokaza, yalizidi. Fundi kutoka mjini akasema chuma kile hakifai tena. Fedha za kununua kingine hazikuwapo. Kina mama wakarudi mtoni na ndoo kichwani kwa muda wa miezi mitatu. Lawama zote akapewa kijana.

Kwa maoni yangu, hiyo haikuwa haki. Sisi tuliopiga makofi ndio tulioiua pampu.

KWA NINI PAMPU HUDONDOSHA

Chuma kile kinachozunguka huitwa shafti. Upande mmoja shafti imeungwa na mashine. Upande wa pili ina gurudumu lenye mapanga, ambalo liko ndani ya pampu. Gurudumu hilo ndilo linalosukuma maji.

Basi, lazima pawe na tundu la kupitisha shafti kuingia ndani. Tundu hilo likibana sana, shafti haitazunguka. Likiwa pana, maji yatatoka nje. Je, tufanye nini?

Shida hii si ya vijijini peke yake. Maji ya Mto Usa huingia Mto Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960. Pale maji huzungusha mitambo ya kutoa umeme. Mitambo ile nayo ina shafti, na maji lazima yazuiwe yasifuate shafti kwenda yasikotakiwa. Meli nayo ni hivyo hivyo. Shafti ya panga lake hutoka ndani ya meli kwenda majini. Pasipozibwa vizuri, bahari itaingia ndani.

Dawa ya zamani ya shida hii ni kamba. Hapo zamani watu walitumia pamba au kitani iliyopakwa mafuta ya wanyama. Siku hizi hutumika kamba maalumu iliyosukwa, na huitwa pakingi. Kamba nyingine hutiwa unga mweusi kama ule wa penseli, ili iteleze.

Kuizunguka shafti kuna nafasi kama kikombe. Ndani ya kikombe hicho hupangwa pete za pakingi, moja baada ya nyingine. Juu yake kuna kibanio chenye nati mbili. Ukikaza nati, kibanio husukuma pete, nazo hujibana kwenye shafti.

Sasa fikiri. Pakingi imetulia, lakini shafti inazunguka. Pampu nyingi huzunguka zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Sugua viganja vyako haraka haraka. Unasikia joto? Ndivyo ilivyo kwa shafti na pakingi. Maji kidogo yanayopita katikati yao hupoza joto hilo na kuifanya shafti iteleze. Ukiyazuia maji hayo kabisa, pakingi huungua na kuwa ngumu, kisha huila shafti.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kwa nyumba. Lakini kwa pampu ya pakingi, ukiziba ufa wote ndipo utakapojenga ukuta.

TUFANYE HESABU

Ni matone mangapi yanafaa? Mafundi wengi husema matone 40 mpaka 60 kwa dakika moja. Kama kitabu cha pampu yako kinataja idadi nyingine, fuata kitabu. Chukua saa, uhesabu.

Matone 20 ya maji ni kama mililita 1. Kwa hiyo matone 60 ni mililita 3. Hayo ni ya dakika moja. Kwa saa moja ni mililita 180. Pampu ikifanya kazi saa 10, ni mililita 1,800. Hizo hazifiki lita 2. Je, lita 2 kwa siku ni bei kubwa ya kuitunza shafti? Mimi nasema ni bei ndogo sana.

Lakini maji yakichuruzika ni jambo jingine. Tuseme chupa ya nusu lita inajaa kwa dakika moja. Kwa saa moja ni lita 30. Kwa saa 10 ni lita 300, yaani ndoo 15 za lita 20. Hapo kijiji kinanunua dizeli ya kumwaga maji. Tena maji yanayoruka huweza kuingia kwenye beringi na kuiharibu.

NAMNA YA KUKAZA

Matone yakizidi, usikimbilie kukaza kwa nguvu. Nati ina pande sita. Zungusha kila nati upande mmoja tu, zote mbili sawasawa. Ukikaza nati moja peke yake, kibanio kitakwenda upande na kuikwaruza shafti. Kisha ngoja kama dakika 10. Hesabu matone tena. Gusa pembeni ya kikombe kwa uangalifu, mbali na shafti. Kikiwa cha moto sana, umekaza mno. Legeza kidogo.

Jihadhari na nguo. Kanga, shuka au shati lililolegea huweza kunaswa na shafti, na mtu akavutwa. Kama kuzifikia nati ni shida, zima mashine kwanza.

Ikiwa kibanio kimefika mwisho na maji bado yanatoka, pakingi imekwisha. Ibadilishe hivi:

1. Zima mashine, funga maji, na uhakikishe hakuna mtu atakayeiwasha.
2. Toa pete zote za zamani. Usiongeze pete mpya juu ya pete zilizokwisha.
3. Kama kati ya pete kuna pete ya chuma yenye matundu, kumbuka mahali pake. Hiyo hupitisha maji ya kupoza, nayo lazima irudi pale pale.
4. Itazame shafti. Ikiwa na mikwaruzo mirefu, pakingi mpya haitadumu.
5. Zungusha pakingi kwenye kijiti chenye unene sawa na shafti, ukate pete kwa kisu kikali. Usiiingize kamba ndefu kwa kuizungusha kama chemchemi ya kitanda.
6. Ingiza pete moja moja. Maungio yake yasifuatane mahali pamoja.
7. Kaza nati kwa vidole tu. Washa pampu, uiache idondoshe sana kwa muda. Kisha ikaze pole pole, mpaka upate matone yanayofaa.

Usitumie kamba ya katani kavu, matambara, wala vipande vya mpira wa baiskeli badala ya pakingi. Utaokoa fedha kidogo leo, na kesho utanunua shafti.

Kuna onyo moja. Pakingi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi. Vumbi la asbestosi likivutwa huharibu mapafu, na huweza kuleta saratani. Ukikuta pakingi ya zamani usiyoijua, usiikwangue ikiwa kavu wala usiipulize. Mwite fundi anayejua.

PAMPU ZISIZO NA PAKINGI

Wakulima wa mboga wengi hutumia pampu ndogo za petroli. Pampu hizo kwa kawaida hazina pakingi wala nati za kukaza. Zina sili. Sili ina nyuso mbili laini sana. Uso mmoja huzunguka na shafti, na mwingine hutulia. Springi huzisukuma zikutane. Kati yake hupita utando mwembamba wa maji, ambao huwezi kuuona.

Pampu ya namna hii haitakiwi kudondosha. Ikidondosha mfululizo, sili imekwisha, nayo hubadilishwa nzima. Sili huuawa na vitu viwili: ukavu na mchanga. Basi, jaza maji ndani ya pampu kabla ya kuiwasha. Usiiache izunguke bila maji hata kidogo. Weka chujio kwenye mpira wa kuvuta maji, na usiutupe kwenye tope. Ukifunga sili mpya, usiziguse nyuso zake kwa vidole vichafu.

Kwa hiyo kwanza ijue pampu yako. Ya pakingi iache idondoshe kidogo. Ya sili isidondoshe.

MAONI YANGU

Huenda msomaji akasema, "Haya ni mambo ya mafundi." Hapana. Haya ni mambo ya mama mwenye ndoo. Pampu ikifa, watu hawaachi kunywa maji. Huyatafuta popote. Na katika eneo letu la Meru, si kila maji yanafaa. Baadhi ya visima, chemchemi na mito ina madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita moja. Yakizidi sana, meno ya watoto huwa ya kahawia, na mifupa huweza kupinda. Kuyachemsha maji hakuondoi floridi. Pampu iliyokufa huweza kumrudisha mtoto kwenye maji hayo.

Mwaka 1971 Serikali yetu ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Nia ilikuwa kwamba kufikia mwaka 1991 kila mwananchi apate maji yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani. Mwaka huo ulipofika, lengo halikuwa limetimia. Sababu zilikuwa nyingi. Moja ni kwamba mitambo mingi iliyokwisha kujengwa ilisimama kwa kukosa matunzo. Tangu mwaka 2019 tuna sheria mpya ya maji na wakala wa maji vijijini, RUWASA. Vyombo vya watumiaji maji huchaguliwa na sisi wenyewe. Basi, tuvichague na tuviulize maswali.

Mimi napendekeza mambo manne.

Kwanza, pakingi inunuliwe kabla haijahitajika, iwekwe pamoja na dizeli. Kijiji kisichokuwa na pakingi ya akiba hakina pampu. Kimeazima tu.

Pili, pawe na daftari la pampu. Kila siku mwendesha pampu aandike tarehe, saa za kazi, idadi ya matone, na kama nati zilikazwa. Kazi hiyo haihitaji elimu kubwa. Wewe unayesoma ukurasa huu unaiweza.

Tatu, maelezo ya kila pampu yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani. Anayetuuzia mtambo atuuzie na maneno yake. Maarifa yaliyofungiwa kabatini hayatunzi shafti.

Nne, mwendesha pampu asigombezwe hadharani kwa jambo tusilolijua. Tumwulize kwanza. Kijana yule angeulizwa, "Kwa nini inadondosha?", huenda kijiji kingekuwa na maji mpaka leo.

Najua wako watakaosema nawafundisha watu kuvumilia uvujaji. Sivyo. Navumilia matone 60. Sivumilii ndoo 15. Tofauti kati ya hayo mawili haionekani kwa macho ya haraka. Huonekana kwa kuhesabu. Nasi tulijifunza kuhesabu ili tusidanganywe sokoni, tusidanganywe kwenye mizani ya kahawa, wala tusijidanganye wenyewe penye pampu yetu.

Ndugu msomaji, kesho ukipita penye pampu, simama. Chukua saa. Hesabu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini pampu ya pakingi isikaushwe kabisa?
2. Pampu inadondosha matone 40 kwa dakika. Ikifanya kazi saa 5, ni mililita ngapi zitapotea?
3. Pampu ya kijiji chenu ni ya pakingi au ya sili? Nani anajua?
4. Je, pakingi ya akiba ipo? Imewekwa wapi?