Mchango wa chama tawala si hiari

Kila uchaguzi unapokaribia, wafanyabiashara wa Bel-Air, komini ya Kampemba, Lubumbashi, husikia utetezi uleule wa michango ya chama kinachotawala. Tuupime hoja kwa hoja.

Kwanza, eti ni hiari. Chukua mwenye kinu cha unga anayeleta mahindi kutoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Wanaingia watu wawili na barua yenye muhuri na karatasi ya majina. Majirani zake wameshaandikwa, kila mmoja na kiasi chake kwa dola. Mstari wake tu ndio mtupu. Hakuna anayemtisha, wala hakuna haja. Kodi ya DGI, ushuru wa DRHKAT, forodha ya DGDA na ukaguzi wa OCC viko chini ya serikali inayoongozwa na hao hao wanaoomba. Wapinzani wakimwomba, atawakatalia na kesho atafungua kinu kama kawaida. Awakatalie hawa, uone. Na akilipa, fedha hiyo ataitafuta kwenye bei ya mfuko wa unga, kwa hiyo mama anayepika bukari naye amechangia chama asichokichagua.

Hoja ya pili imewaponza wengi: kwamba ukichangia, unalindwa. Jibu liko mjini hapa hapa. Moïse Katumbi, mfanyabiashara tajiri na mwanachama wa PPRD, chama kilichotawala wakati huo, alikuwa gavana wa Katanga tangu 2007. Septemba 2015 akajitoa chamani. Juni 2016 mahakama ya Lubumbashi ikamhukumu miaka 3 jela, mwenyewe akiwa hayupo, katika kesi ya nyumba. Hakimu aliyeisikiliza akaandika baadaye kwamba alishinikizwa. Hukumu ilifutwa 2019, utawala ulipokwisha kubadilika. Ikiwa miaka yote ile ndani ya chama haikumkinga gavana, mwenye depo ya simenti atakingwa na bahasha? Ulinzi wa namna hii hudumu mpaka bahasha inayofuata, na kiasi hakipangwi na anayelipa.

Wengine husema chama ndicho kinachojenga barabara. La hasha. Barabara hujengwa kwa kodi, na kodi ina risiti.

Kuna wanaoita jambo hili desturi yetu. Desturi hiyo ina historia. MPR, chama cha Rais Mobutu, ilianzishwa 1967; tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza kunyang'anywa kwa biashara za wageni na kugawiwa Wazaire, nyingi zikaangukia wakubwa na watu wao wa karibu; katiba ya 1974 ikafanya chama na dola kuwa kitu kimoja. Hapo ndipo duka lilipozoea kumtegemea mkubwa wa chama. Lakini mfumo wa chama kimoja ulitangazwa kuisha Aprili 1990. Anayekuja leo na karatasi ya majina anadai haki ambayo chama chake hakina.

Inabaki hoja yenye uzito: vyama vinahitaji fedha. Kweli. Ndiyo maana ipo sheria ya 10 Juni 2008 kuhusu ruzuku ya serikali kwa vyama. Chama tawala ndicho chenye bajeti mkononi. Kiitekeleze sheria hiyo kwa vyama vyote. Na anayetaka kukichangia aende mwenyewe ofisini kwao, apewe risiti yenye jina, kiasi na tarehe, na orodha ya wachangiaji itangazwe kabla ya kura.