Nionyeshe Kipimo Kwanza

Fundi anayetaja bei kabla ya kupima ni mwizi. Nasema hivyo bila kumung'unya maneno, kwa sababu nimeyaona mambo hayo kwa macho yangu hapa Goma, na nimechoka kusikia watu wakiyaita biashara.

Gari langu, Prius ya haibridi ya mwaka 2006, lilizimika karibu na sanamu ya Tshukudu. Pembetatu nyekundu ikawaka kwenye dashibodi, vijana wakanisukuma hadi kando ya barabara, nikaelekezwa gereji. Mkubwa wa gereji alichomeka kimashine chake, akakitazama dakika mbili, akaandika devi, yaani karatasi ya bei. "Mama, batri kubwa imekufa. Dola 2,400." Kiti cha nyuma hakikuinuliwa. Bisibisi haikushikwa. Nilipomuuliza amejuaje, alinigeuzia kioo cha kimashine: P0A80, na chini yake maneno ya Kiingereza yanayosema batri ya haibridi ibadilishwe.

Mtego uko hapo, na wengi wamenaswa nao. Maneno yale ni jina tu ambalo kosa limepewa. Kompyuta ya gari huandika P0A80 inapoona volti za sehemu moja ya batri hazilingani na za nyingine. Batri ya Prius ya kizazi hicho ina moduli 28, kila moja volti 7.2, jumla volti 201.6. Moja ikilegea, namba hiyo hutokea. Zikichakaa zote, hutokea hiyo hiyo. Hata vipande vya shaba vinavyoziunganisha vikishika kutu ya kijani, kompyuta yaweza kusoma vibaya na kulalamika vile vile. Kati ya kusugua shaba na kununua batri nzima kuna umbali mkubwa, na kimashine peke yake hakiwezi kukuambia uko wapi katika umbali huo. Lazima mtu afungue, apime.

Halafu kuna vumbi. Batri hiyo inakaa nyuma ya kiti cha nyuma, na inapozwa na feni inayovuta hewa ya mle ndani ya gari kupitia tundu lililo kando ya kiti. Sasa tazama mji wetu. Lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya Goma Januari 2002, tukajenga juu yake, na vumbi lake jeusi tunalipangusa mezani kila asubuhi. Vumbi hilo huingia dirishani na kufika kwenye feni. Feni ikiziba, batri huchemka na kuzeeka kabla ya siku zake. Gereji ya Goma isiyoanza na feni ama haijui kazi, ama inajua na inanyamaza.

Niliondoka na gari langu likivutwa kwa kamba. Fundi kijana wa mtaa wa Mabanga alitoa feni, imejaa vumbi hadi mapanga yake hayaonekani. Akapima moduli moja moja, mimi nikiandika namba. Mbili zilikuwa dhaifu. Akazibadilisha, akasugua shaba, akaniomba dola 140. Kisha akaniambia neno ambalo mwenye tamaa halisemi: "Mama, hizi zingine nazo zimezeeka. Sikuahidi miaka."

Najua vipuri ni ghali. Vinatoka Mombasa, vinapita Kampala, na kila mpaka unataka chake. Tena mji ulipotwaliwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa na benki zikafunga milango. Basi gharama hizo ziandikwe kwenye devi, kila moja na mstari wake: kipuri, usafiri, forodha, kazi. Nitalipa. Lakini kwa mtu ambaye akiba yake ilikwama benki, na gari ndilo linalolisha nyumba yake, dola 2,400 za uongo ni kumfilisi. Kanuni ya adhabu ya Kongo, kifungu cha 98, inakijua kitendo cha kupata fedha za mtu kwa hila. Inakiita eskrokeri, na adhabu yake yaweza kuwa jela.

Mafundi waaminifu, nanyi mnanikera mnaponyamaza. Mnawajua hawa kwa majina. Wanakula kwa jina la kazi yenu.

Nawe mwenye gari kama langu, usiifungue batri hiyo mwenyewe. Volti 201 zinaua. Dai batri yako ya zamani ukiambiwa imebadilishwa, kwa maana ndani yake huenda mna moduli nzima ambazo kesho atauziwa mwingine. Na kabla hujatoa dola hata moja, omba karatasi yenye namba 28, kipimo cha kila moduli. Asiyetaka kukuandikia, chukua funguo zako uondoke.