Kijiweni: Kwani Lazima Glasi?

Safari hii tuna jambo ambalo tumelizunguka kwa muda.

Wengi wetu tumezaliwa hapa Uingereza, na Kiswahili chetu ni cha kusikia jikoni kwa mama. Tukikutana na mtu aliyetoka Tanga au Mombasa juzi, ulimi unakuwa mzito. Tunaogopa kusema "kitabu yangu" halafu watu wacheke. Basi mikutano tukaihamishia baa, maana baada ya glasi ya pili kila mtu ni Mswahili wa kuzaliwa. Ngeli zinapotea, lakini nani anajali?

Tulidhani tumepata dawa. Mwaka jana mmoja wetu akatuambia kwamba hajawahi kuongea Kiswahili na sisi bila kunywa, hata siku moja. Kabla ya kuja hunywa kidogo chumbani, peke yake, ili afike amechangamka. Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana si yeye tu.

Wataalamu wa afya hapa wanashauri mtu asizidi yuniti 14 kwa wiki, yaani kama painti 6 za bia ya kawaida. Baadhi yetu tulikuwa tunazimaliza Alhamisi moja. Na woga wenyewe hauondoki. Pombe huutuliza saa chache tu, asubuhi unarudi umeongezeka, ukijiuliza jana ulisema nini, na kwa nani.

Linalotuuma zaidi ni la wasiokunywa. Dada mmoja alikuja mara mbili, akakaa na soda yake, hakurudi. Sisi tukasema ana maringo. Tulipomtafuta alijibu, "Jamani, nikirudi nanuka baa, shangazi ningemwambia nini?"

Tangu Februari tunakutana Jumatano jikoni kwa mmoja wetu: chai ya tangawizi na maandazi ya kununua (kukanda hatujui, msituseme). Mara ya kwanza ilikuwa mateso. Dakika 20 nzima vilisikika vijiko tu. Kisha mtu akasema "chai langu limepoa", tukabishana ngeli ya chai mpaka saa nne usiku.

Wanaotaka baa bado wanaenda Alhamisi, hatugombani nao. Yule dada amerudi. Na yule mwenzetu wa kunywa chumbani anakuja pia. Haongei sana, ila hufika mapema kuliko wote, akachemsha maji.